Breki za Nyuma

Mimi si fundi. Ninyi mnaokuja kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Nakivale mnanijua kwa mambo ya mpira, maigizo, na kugombana na watu wasiorudisha vitabu. Lakini miezi hii nimejikuta nasoma historia ya breki za magari ya Marekani, usiku, kwa simu, mpaka bando linakata. Acha nieleze ilivyoanza.

Jumamosi vijana wetu hujifunza ufundi kwenye gereji ndogo ya mzee mmoja wa kutoka Goma, ambaye wote tunamwita Papa Fundi. Anasaidiwa na mfanyakazi mmoja wa misaada, Mmarekani, ambaye vijana walishampa jina: Mwalimu Spana. Siku moja Mwalimu Spana akatuonyesha picha ya gari ya marehemu baba yake, Pontiac GTO ya mwaka 1966, imefunikwa turubai kwenye banda kule kwao. Anataka kuirudisha barabarani mkataba wake ukiisha. Breki zake ni za dramu kwenye magurudumu yote manne. Za mbele alishaamua kuzibadilisha ziwe diski. Akatuuliza: na za nyuma? Aziache dramu, au nazo ziwe diski?

Gereji ikawaka. Vijana wote wakapiga kelele: diski! Diski ni ya kisasa, diski inaonekana, diski inang'aa. Papa Fundi peke yake akasema, "Acha dramu," akaendelea kufunga nati yake. Mimi nilikuwa upande wa vijana, tena kwa nguvu. Nilikuwa na sababu yangu, nitaifikia.

Kwanza tuijue gari yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya General Motors ilikuwa na sheria yake ya ndani: gari ya ukubwa wa kati isiwekewe injini inayopita inchi 330 za ujazo. Pale Pontiac, tawi mojawapo la kampuni hiyo, mainjinia chini ya John DeLorean walipita mlango wa uani. Walichukua gari ya kawaida ya familia, Tempest, wakaiwekea injini ya inchi 389, na hawakuitangaza kama gari mpya. Waliiuza kama nyongeza ya hiari, dola 295 hivi juu ya bei. Ndiyo GTO ya 1964. Walitarajia kuuza 5,000. Ziliuzwa zaidi ya 32,000, na mwaka 1966 karibu 97,000. Kampuni nyingine zikafuata mbio, na magari ya namna hiyo Wamarekani wakayapa jina ambalo kwetu tungesema magari ya misuli: mwili wa kawaida, injini ya kutisha, na bei ambayo kijana mwenye kazi angeweza kuilipa kidogo kidogo.

Sasa angalia walichokiacha. Gari hiyo ya 1966 ilikuwa na nguvu za farasi 335, uzito wa tani moja na nusu na zaidi, na breki za dramu zenye kipenyo cha inchi 9 na nusu, zilezile za Tempest ya kwenda sokoni. Waliongeza kukimbia, hawakuongeza kusimama. Diski za mbele zilianza kupatikana kwenye GTO mwaka 1967, na hata hapo ni kwa anayetaka kuongeza pesa.

Niliposoma hayo nilifurahi. Nikajiambia, umeona? Dramu ni ujinga wa zamani. Halafu nikasoma kidogo zaidi, furaha ikapungua.

Nilidhani dramu ni babu na diski ni mjukuu. Kumbe ni mapacha. Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault alitengeneza breki ya dramu ya namna tunayoijua, na mwaka huohuo Mwingereza Frederick Lanchester akaandikisha hataza ya breki ya diski. Ya Lanchester ilibana kwa shaba, ikapiga kelele ya kutoboa masikio, na barabara za wakati ule zilikuwa vumbi na matope kama za kwetu. Dramu imefunikwa, vumbi haliingii kirahisi. Dramu ikashinda, diski ikangoja miaka hamsini.

Tena dramu ina ujanja wake. Papa Fundi alinionyesha kwa mikono. Ndani kuna viatu viwili vya breki. Ukikanyaga, vinatanuka na kugusa dramu inayozunguka. Kiatu kimoja kinavutwa na ule mzunguko wenyewe, kinajibana zaidi kuliko ulivyokibana wewe. Yaani gurudumu linasaidia kujizuia. Ndiyo maana gari nzito ya zamani iliweza kusimamishwa na mguu wa mtu wa kawaida bila busta. Diski haina msaada huo. Pedi mbili zinabana sahani ya chuma kutoka pande mbili, basi, nguvu yote inatoka kwako au kwa busta. Na busta inategemea mvuto wa hewa unaotokana na injini. Injini za misuli zikiwekwa kamshafti kali ya mbio, mvuto huo unakuwa haba. Kuna watu waliweka diski magurudumu yote manne, wakakuta pedali ngumu kama jiwe.

Ubaya wa dramu ni joto. Kusimama ni kugeuza mwendo kuwa joto, na dramu inalifungia ndani. Ikipata moto inatanuka, inavikimbia viatu, pedali inazama, na vile viatu navyo vinapoteza mshiko. Wengi wetu tunajua harufu yake. Basi lililotutoa mpakani, kwenye milima ya Kanaba kati ya Kisoro na Kabale, lilisimama katikati ya mteremko kwa sababu ya harufu hiyo. Dereva alituambia tushuke tunyooshe miguu. Mama yangu alidhani ameona waasi. Kumbe anangoja dramu zipoe, na alifanya vizuri.

Diski iko wazi kwa upepo, na ikipata moto inanenepa kuelekea kwenye pedi. Mwaka 1953 kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, Jaguar yenye diski za Dunlop ilishinda ikiendeshwa na Tony Rolt na Duncan Hamilton, kwa wastani wa karibu kilomita 170 kwa saa. Walikuwa wanachelewa kushika breki kuliko wenzao, kila mzunguko, usiku na mchana. Mwaka 1965 Chevrolet Corvette ikaja na diski magurudumu yote manne. Lakini angalia: kwa ajili ya hendibreki, mafundi wa Corvette walificha dramu ndogo ndani ya diski ya nyuma. Na baadaye wenye Corvette zile walisumbuka na kalipa, maana gari ikikaa muda mrefu bila kuendeshwa unyevu unakula silinda zake, na mafuta ya breki yanavuja. Gari ya Mwalimu Spana inakaa banda miaka na miaka.

Nikarudi kwa Papa Fundi nikamwuliza vizuri, kwa heshima safari hii.

Akaniambia, "Kijana wangu, ukikaa nyuma ya bodaboda na dereva akashika breki ghafla, unafanya nini?"

"Ninamwangukia mgongoni, Papa."

"Basi na gari inafanya hivyo."

Hiyo ndiyo hesabu yote ya breki za nyuma. Gari ikifunga breki, uzito unakimbilia mbele. Pua inainama, mkia unakuwa mwepesi. Magurudumu ya mbele yanafanya theluthi mbili ya kazi au zaidi, na kwenye gari kama GTO, yenye injini ya chuma kizito puani, ndiyo zaidi. Ya nyuma yakipewa nguvu nyingi, yanajifunga yakiwa hayana uzito, yanateleza, na gari inazunguka kama pia. Ndiyo maana mafundi walipoweka diski mbele na dramu nyuma waliongeza vali ya kupunguza nguvu ya nyuma. Mtu anayeweka diski nyuma lazima aipange upya vali hiyo, atafute kalipa zenye hendibreki, aangalie kama rimu za inchi 14 zitapita juu ya kalipa, na alipe mamia ya dola. Atapata nini? Kama anakwenda kwenye mashindano ya kupiga breki mara hamsini mfululizo, atapata kitu kweli. Kama anakwenda kanisani Jumapili na kumpeleka mama yake kwa daktari, atapata diski inayoonekana kupitia rimu. Hiace nyingi zinazotupeleka Mbarara ni diski mbele, dramu nyuma, na hakuna abiria anayelalamika kuhusu upande huo.

Sasa sababu yangu. Wiki tatu kabla ya ule mjadala, kijana wetu mmoja wa bodaboda alivunjika mguu kwenye mteremko. Alikuwa amebeba mama na gunia la mahindi. Yule mama aliumia bega. Mimi niliiona pikipiki, nikaona ni ya dramu, nikaamua dramu ndiyo iliyomvunja. Nikaandika ombi kwa niaba ya kikundi, kurasa mbili, tupewe pesa za kununua pikipiki mbili za diski kwa ajili ya mafunzo. Nilikuwa nimeshalipiga chapa.

Baada ya maneno ya Papa Fundi nilikwenda kuitazama tena ile pikipiki, ilikuwa bado uani kwao. Kebo ya breki ya mbele haikuwepo. Haikukatika, ilitolewa. Nilipomwuliza yule kijana, akaniambia bila aibu, "Kaka, breki ya mbele inaangusha. Kila mtu anajua." Kwa hiyo alishuka mlima na watu wawili na gunia akitumia gurudumu la nyuma peke yake, lile lisilo na uzito. Likajifunga, likateleza. Dramu yake ilikuwa nzima kabisa, viatu vipya.

Nililiondoa lile ombi.

Jumamosi iliyofuata nikasimama mbele ya vijana nikasema nimehamia upande wa Papa Fundi. Walinizomea, sawa. Mzee akaongeza kwamba yeye hasa anapenda dramu nyuma kwa sababu gereji yake iko kwenye mteremko, na hendibreki ya dramu inashika. Halafu akamwomba Mwalimu Spana atafute picha ya masta silinda ya gari yake.

Alipoiona akanyamaza. Ilikuwa ya chumba kimoja. Magurudumu manne, mafuta ya breki ya chungu kimoja. Bomba moja likipasuka popote, mbele au nyuma, pedali inakwenda mpaka chini na huna breki hata moja. Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa magari mwezi wa tisa 1966, chini ya mwaka mmoja baada ya Ralph Nader kuchapisha kitabu chake cha kuwashtaki watengenezaji, na GTO za 1967 zikatoka na masta silinda ya vyumba viwili, mbele mbali na nyuma mbali. Ya baba yake Mwalimu Spana ilitengenezwa mwaka mmoja kabla.

"Sisi tunabishana kuhusu nyuma," Papa Fundi akasema, "na gari nzima imening'inia kwenye bomba moja."

Mwalimu Spana ameagiza masta silinda ya vyumba viwili, diski za mbele na vali yake. Nyuma anabaki na dramu, viatu vipya na silinda ndogo mpya. Sisi tumeandika ombi jingine, ukurasa mmoja: kebo za mbele, viatu vya breki, na siku mbili za kufundisha kushika breki zote mbili kwa pamoja. Yule kijana ndiye anayekagua kebo kila Jumamosi asubuhi, amekaa kwenye ndoo, magongo yake yameegemea ukuta. Asiye na kebo ya mbele haondoki mpaka imefungwa.