Mji Bila Majina, Majina Bila Mji: Postikadi na Albamu za Ukoo katika Historia ya Zanzibar

Historia ya mji wa Zanzibar imeandikwa kwa wingi kutokana na barua za makonseli, taarifa za wamishonari na hesabu za forodha, lakini upo ushahidi mwingine ambao kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa pambo tu. Ushahidi huo ni postikadi, yaani kadi ngumu yenye picha upande mmoja na anuani upande wa pili, ambayo hutumwa kwa posta bila bahasha, pamoja na albamu za ukoo, yaani vitabu vya kurasa nene ambamo familia hubandika picha za jamaa zao. Vitu hivi viwili mara nyingi vilizaliwa katika studio zilezile, kwa mkono wa mpiga picha yuleyule, ila vikashika njia mbili: postikadi ikasafiri kwenda kwa wageni, albamu ikafungiwa kabatini. Kwa hiyo kila kimoja kilichukua nusu ya habari na kuiacha nusu nyingine. Postikadi ina mahali, na pengine ina tarehe, lakini haina jina la mtu. Albamu ina watu ambao majina yao yanajulikana, lakini nyuma yao mara nyingi mna pazia lililochorwa badala ya mtaa. Anayetaka kuijua historia ya mji ule hana budi kuzisoma nusu hizo kwa pamoja.

Postikadi ilianza katika dola ya Austria na Hungaria mwezi Oktoba 1869, ikiwa kadi tupu isiyo na picha, na Umoja wa Posta Duniani, ulioasisiwa mwaka 1874, ukarahisisha barua na kadi za nchi moja kupokelewa katika nchi nyingine. Hapo mwanzo upande wa nyuma wote ulitengwa kwa ajili ya anuani, hivyo mtumaji aliyekuwa na neno la kusema aliliandika pembezoni mwa picha au juu ya picha yenyewe, na ndiyo sababu kadi nyingi za kale zina wino uliopita katikati ya anga au juu ya matanga ya majahazi. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 upande huo ugawanywe kwa mstari, salamu zikae kushoto na anuani kulia; Ujerumani ikafuata mwaka 1905, na Marekani mwaka 1907. Kanuni hii ndogo ya posta imekuwa kipimo kwa mwanahistoria, kwa kuwa kadi isiyo na mstari wa kugawa kwa kawaida ilichapwa kabla ya mabadiliko hayo, na kadi yenye mstari ilichapwa baada yake.

Zanzibar iliingia mapema katika biashara hii kwa sababu ilikuwa bandari kubwa, ambako meli za abiria zilitia nanga na wasafiri wakashuka kwa saa chache wakitafuta kitu cha kupeleka kwao. Waliowahudumia zaidi walikuwa wapiga picha wa asili ya Goa, eneo la Bara Hindi lililokuwa chini ya Wareno, miongoni mwao A. C. Gomes, ambaye studio yake ilianza katika karne ya 19, ndugu wa Coutinho, ambao jina lao laonekana pia katika picha za Mombasa, na ndugu wa Pereira de Lord. Walipiga picha kwa mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa inayohisi mwanga. Kadi nyingi za zama zile zilichapwa Ulaya, hasa Ujerumani, kwa njia iitwayo kolotaipu, ambayo hutumia kioo kilichopakwa gelatini ili kutoa vivuli laini visivyo na vitone. Kwa hiyo sura ya Forodhani, ukingo wa bahari mbele ya mji, iliweza kuondoka Unguja katika bamba la kioo, ikavuka bahari, ikarudi ikiwa rundo la kadi za kuuzwa, kisha ikavuka tena ikiwa na salamu za msafiri.

Thamani ya kadi hizo kama kumbukumbu ya majengo inaonekana wazi pale Forodhani. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, halikuwa na mnara wa saa hapo mwanzo. Mbele yake, upande wa bahari, ulisimama peke yake mnara mrefu wa taa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliipiga mizinga ikulu iliyoshikwa na Sayyid Khalid bin Barghash, na kwa muda usiotimia saa moja mnara wa taa na jumba la Beit al-Hukm viliharibiwa vibaya. Baada ya hapo ndipo mnara wa saa ulipojengwa katika uso wa Beit al-Ajaib. Kwa hiyo picha inayoonyesha mnara wa taa ukiwa mzima, umesimama peke yake mbele ya jumba, ilipigwa kabla ya siku ile, hata kama kadi iliyoibeba ilitumwa miaka kumi baadaye. Na tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya jumba ilipoporomoka pamoja na mnara wake wa saa, kadi ambazo ziliuzwa kama vitu vya anasa zimekuwa ushahidi wa jinsi nguzo na baraza za jumba lile zilivyopangwa.

Stempu nayo ina la kusema, ingawa husema jambo jingine. Stempu za Zanzibar zenye sura ya mtawala zilianza mwaka 1896 kwa picha ya Sayyid Hamad bin Thuwaini, zikafuatwa na za Sayyid Hamoud bin Mohammed, kisha Sayyid Ali bin Hamoud, na kuanzia mwaka 1913 za Sayyid Khalifa bin Haroub. Kadi yenye stempu ya Sayyid Khalifa haikuweza kutumwa kabla ya mwaka huo, lakini picha iliyo upande wa pili yaweza kuwa ya zamani zaidi, kwa sababu wauzaji waliendelea kuchapa picha ileile maadamu ilikuwa na wanunuzi. Stempu na muhuri wa posta huonyesha siku ya kutuma; jengo, mti na vazi huonyesha wakati wa kupiga picha; na msomaji mwangalifu hazichanganyi tarehe hizo mbili.

Mambo mengine yaliyokwisha kutoweka yamebaki hai katika kadi hizi kuliko mahali pengine popote. Reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905 kwa urefu wa kilomita zipatazo kumi na moja, ilikuwa imekoma kufanya kazi kabla ya miaka ya 1930. Lakini zipo kadi zinazoonyesha gari la moshi likipita katika mtaa mwembamba, likikaribia kugusa kuta za nyumba, huku watu wamejibana barazani kuliachia njia. Hesabu za serikali zaweza kutaja maili za reli na nauli za abiria, lakini ni picha hii inayoeleza jinsi mji uliojengwa kwa ajili ya miguu na punda ulivyolazimika kukipisha chuma katikati yake.

Postikadi ilikuwa hodari kwa mawe na hafifu kwa watu. Chini ya picha ya baharia, mpagazi au mwanamke aliyevaa kanga huchapwa maneno kama “Mwanamke wa Kiswahili” au “Mrembo wa Zanzibar” kwa Kiingereza au Kijerumani, na mtu aliyekuwa na jina, mzazi na mtaa anageuzwa kuwa mfano wa kabila. Tena picha moja huweza kuuzwa kwa maelezo mawili yanayopingana. Uzito wa jambo hili huonekana zaidi ikikumbukwa kwamba utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, katika miaka ya mwanzo ya biashara ileile ya kadi. Katika jamii ambayo sura ya mwanamke mwenye ukoo ilisitiriwa isionwe na macho ya wageni, aliyesimamishwa mbele ya kamera ili auzwe kwa msafiri mara nyingi alikuwa mtu asiye na ukoo wa kumsitiri. Ukimya wa maelezo yale, basi, nao ni sehemu ya historia, na haufai kujazwa kwa kubuni.

Albamu ya ukoo ilishika kanuni iliyo kinyume kabisa. Ilitunzwa katika sanduku au kabati la chumba cha ndani, ikafunguliwa mbele ya jamaa na marafiki wa karibu, na aliyeifungua ndiye aliyesimulia. Kurasa zake mara nyingi ni nyeusi au za kijivu, na kila picha imeshikwa kwa pembe nne ndogo za karatasi zilizogundishwa, ili iweze kuchomolewa na kugeuzwa. Kati ya kurasa kuna karatasi nyembamba, yenye nakshi kama utando wa buibui, inayozuia picha zisigandane. Mgongoni mwa picha ndimo mlimo na hazina: muhuri wa studio, neno “ukumbusho,” jina la aliyepewa, na pengine tarehe ya Hijria, yaani ya kalenda ya Kiislamu, ambayo haina budi kubadilishwa ili ilingane na ya miladi. Picha nyingi za namna hii zilipigwa siku za sikukuu, watoto wakiwa na nguo mpya, au kabla ya safari na baada ya harusi, na kwa kuzipanga kwa mfuatano mtu huona ukoo ukikua, ukihama na kupungua.

Ranchhod Oza, aliyetoka Gujarat na kufanya kazi kwa Gomes kabla ya kufungua Capital Art Studio mwaka 1930, ni kiungo kati ya pande hizi mbili, kwa kuwa studio yake ilihifadhi mandhari ya mji na vilevile sura za wenyeji wake. Desturi hiyo haikuwa ya Unguja peke yake. Mombasa ilikuwa na studio ya Parekh, na Lamu ilikuwa na ile ya Bakor, iliyosifika kwa kuunganisha picha mbili au zaidi katika nakala moja. Katika studio hizi mteja ndiye aliyeamua aonekane vipi, akachagua saa ya mkononi, redio au shada la maua, na kwa njia hiyo akaacha habari za matamanio yake ambazo mpiga picha wa postikadi asingezijua.

Zikiwekwa pamoja, kadi na albamu husahihishana. Historia ya mavazi ni mfano mzuri. Kabla ya utumwa kufutwa, kaniki, yaani nguo nyeusi iliyotiwa nili, na merikani, yaani nguo nyeupe isiyopaushwa, zilikuwa alama ya watumwa na maskini. Baadaye kanga na buibui zikaenea kwa wanawake wa tabaka zote kama tangazo la uungwana. Postikadi huonyesha mabadiliko hayo mtaani bila kusema ni nani aliyeyafanya. Albamu humwonyesha bibi mmoja mwenye jina akiwa amevaa marinda na ukaya, yaani kitambaa cha kujifunika kichwa, ujanani, kisha binti yake akiwa katika buibui, na hapo kauli ya jumla kuhusu jamii inapata mwili na umri. Kanga yenyewe, ambayo maandishi yake yalikuwa kwanza ya hati za Kiarabu na baadaye za Kilatini, huweza kusaidia kukadiria tarehe ya picha isiyo na tarehe.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalizitawanya hazina hizi. Familia nyingi ziliondoka na kile kilichoweza kubebwa, na baada ya mwaka 1970 wengi walihamia Oman, wengine wakakaa Dar es Salaam, Mombasa, Dubai au Uingereza. Albamu moja ikagawanywa baina ya ndugu wanaoishi katika nchi tatu. Postikadi nazo zimejikusanya mbali na kwao. Mkusanyo wa Humphrey Winterton, wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zinatunza picha nyingine.

Kazi iliyobaki, kwa hiyo, ni ya kukutanisha, nayo haiwezi kungoja. Joto, unyevu wa pwani na mchwa hula karatasi, lakini jina hupotea kabla ya karatasi, kwa kuwa hukaa katika kumbukumbu ya mzee mmoja au wawili. Penseli laini mgongoni mwa picha, iandikayo nani, mtoto wa nani, wapi na mwaka gani, huhifadhi zaidi ya mashine yoyote ya kunakili, na picha za wanawake wa ukoo hazifai kutolewa hadharani bila ridhaa ya wenyewe, maana sitara iliyozitunza miaka yote ni sehemu ya maana yake. Ukoo unaoiweka postikadi ya mtaa wake kando ya albamu, mbele ya bibi ambaye bado anaweza kunyoosha kidole na kusema baraza ile ilikuwa ya nani, unaurudishia mji majina yake, na majina yale yanarudi kwenye mji uliowazaa wenye majina hayo.