Kata ya Bronzi na Kata ya Kibuyu

Tunapofundisha historia ya Wagiriki hapa Kamanyola, wanafunzi wanaangalia picha za kata za bronzi na kutuuliza: za wazee wetu ziko wapi? Ni ulizo la haki.

Wagiriki walichanganya divai na maji ndani ya chombo kikubwa, kisha mtumishi akachota kwa kata yenye mkono mrefu, waliyoiita kyathos. Ncha ya mkono ilipindwa, mara nyingi mfano wa kichwa cha bata, ili itundikwe. Kwa sababu divai ilikuwa na machicha, walikuwa pia na chujio. Waetruski wa Italia, hasa mafundi wa mji wa Vulci, walikuwa hodari sana wa bronzi. Vyombo hivyo waliviweka makaburini pamoja na wafu, katika karne ya 6 na ya 5 mbele ya Yesu. Ndiyo maana vinaonekana mpaka leo.

Kwetu kazi ni ileile. Mwenye kutengeneza kasiksi anajua: ndizi mbivu zinakamuliwa kwa majani, maji yake yanachujwa, unga wa mtama wa kukaanga unatiwa, pombe inalala. Halafu inachotwa kwa kata ya kibuyu. Mkono wake ni shingo ya kibuyu chenyewe, hakuna haja ya fundi wa kuunga! Mwenye nyumba anaonja kwanza, ndipo mgeni anapokea, asiogope sumu.

Wengine wanasema wazee walikosa madini. Hapana. Bronzi ni shaba na bati: shaba iko Katanga, bati inatoka ndani ya kasiteriti ya Kivu na Maniema. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuaji wa 1957 na 1958 walikuta makaburi, mengine ya miaka kama 1000, yenye vyungu vizuri na mapambo ya shaba. Shaba watu walivaa. Kwa kuchota, kibuyu kilitosha, tena kinaota nyuma ya nyumba.

Shida ni kwamba kibuyu kinaoza. Kata ya Mwetruski imelala kaburini miaka 2500 na iko. Ya nyanya zetu haifiki hata 50, na siku hizi kwenye arusi gobele ya plastiki inatumbukizwa tu ndani ya ndoo. Mwaka jana tuliomba kila mwanafunzi alete kata ya kwao. Darasa zima walileta mbili, moja imepasuka na kushonwa. Tulizitundika ukutani. Ile ya kushonwa haikukaa wiki: nyanya mwenyewe alituma mtoto aichukue, maana pombe ilikuwa imeiva.