Mizani ya miale: kutoka Cape Town hadi beji ya Njombe

Dereva yeyote wa lori la masafa marefu anaifahamu mizani ya Makambako, mkoani Njombe. Malori hayapimwi kwa mkupuo. Kila moja hupanda peke yake, uzito wake ukasomwa, ndipo likaruhusiwa kuendelea au likawekwa pembeni. Mashine zinazoona ndani ya mwili wa mgonjwa nazo zilifika zilipo kwa njia hiyohiyo: watu walijifunza, polepole, kupima mwale mmoja mmoja.

Mwanzoni hakuna aliyehesabu. Novemba 1895, Wilhelm Röntgen aligundua eksirei huko Würzburg, Ujerumani, na miale ikaja kupokewa na bamba la picha. Mwezi uliofuata akaupiga picha mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana na pete kidoleni. Picha za namna hiyo zilitawala hospitali kwa miongo mingi. Kasoro yake ni kwamba hujumlisha: mbavu, moyo na mapafu hulaliana katika kivuli kimoja.

Hatua kubwa ya kuvitenganisha ilianzia Afrika. Mwaka 1956 Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ilihitaji mwanafizikia, kwa kuwa sheria ilitaka vitu vyenye mionzi visimamiwe na mtaalamu. Kazi akapewa Allan Cormack, mhadhiri wa chuo kikuu cha hapo, kwa siku moja na nusu kila wiki. Akakuta madaktari wakikadiria dozi ya wagonjwa wa saratani kana kwamba mwili mzima ni kitu kimoja, mfupa na pafu sawasawa. Akawaza: miale ikipitishwa kutoka pande nyingi na kuhesabiwa inapotokea upande wa pili, si itawezekana kukokotoa kilichomo ndani?

Mwaka 1957 alichukua silinda ya alumini iliyozungushiwa mbao. Upande mmoja akaweka kobalti-60 inayotoa miale, upande wa pili kihesabio cha Geiger, chombo cha maabara ya nyuklia. Hesabu zilikubali, isipokuwa katikati kabisa, ambako miale ilipita kwa wepesi usiotarajiwa. Alipofuatilia akaambiwa kwamba silinda ilikuwa na kigingi cha alumini safi katikati. Hesabu zilikuwa zimeona jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua.

Makala zake za 1963 na 1964 karibu zipite bila kuitikiwa. Miongoni mwa wachache walioomba nakala kilikuwamo kituo cha Uswisi cha utafiti wa maporomoko ya theluji. Huko Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield alifikia wazo hilo kwa njia yake. Jaribio lake la awali lilichukua siku tisa kupata picha moja, lakini tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipimwa kichwa kwa mashine ya aina hiyo, CT-Scan, jijini London. Mwaka 1979 wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel.

Katika miaka hiyohiyo ya majaribio, wanafizikia wa chembe walikuwa wanakimbizana na kasi. Mwaka 1968, katika maabara ya CERN karibu na Geneva, Georges Charpak alitandaza nyaya nyembamba ndani ya gesi. Chembe ikipita, waya ulio karibu hutoa ishara ya umeme, na kompyuta hunakili papo hapo bila kusubiri picha isafishwe. Alipata Nobel mwaka 1992. Mwaka 1977, hapohapo CERN, David Townsend na Alan Jeavons walipata picha ya panya kwa mionzi iliyotoka ndani ya mwili wake. Baadaye ikaja chipu ya Medipix, ambayo kila kitone chake ni mizani ndogo: huhesabu mwale na kuupima nguvu. CT-Scan ya kawaida hujumlisha shehena yote, hii hupima lori kwa lori. Mwaka 2018 wanasayansi wa New Zealand waliitumia kupata picha za rangi za mwili wa binadamu.

Je, Njombe? Mgonjwa anayehitaji kipimo cha tiba ya nyuklia katika Taasisi ya Saratani Ocean Road hushuka Makambako, akashika barabara kuu, zaidi ya kilometa 600 hadi Dar es Salaam. Dawa yenye mionzi ya kipimo hicho haiwezi kumfuata kirahisi. Tekineti inayotumika sana hupungua nusu kila saa sita, basi ingefika Makambako imekwisha kulika zaidi ya nusu njiani.

Hata hivyo kigunduzi kimoja kilishafika Njombe. Mtaalamu wa mionzi huvaa beji kifuani. Ndani yake mna fuwele inayotunza sehemu ya nguvu ya miale inayoipitia. Ikipashwa moto hutoa mwanga, na mwanga huo husomwa kama dozi aliyoipata. Usimamizi wa kinga hiyo uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa sheria ya 2003. Sheria ya namna hiyo ndiyo iliyompeleka Cormack hospitalini. Yeye alitumwa kulinda watu, akaishia kuwafundisha madaktari kuona.