Jumba la Gede: baraza la mji lililopewa wenyewe wasio wake

Mwezi Julai 2024, kikao cha UNESCO kilichoketi New Delhi kiliingiza mji wa kale wa Gede, pwani ya Kenya, katika orodha ya urithi wa dunia. Wakazi wa Dabaso, Mida na Watamu, majirani wa magofu hayo, wana haki ya kujivunia. Ila lipo deni la zamani ambalo cheti hicho hakijalilipa: nani alikuwa akiketi katika baraza la jumba la mfalme pale?

Mji ulianza kabla ya karne ya 13, ukanawiri karne ya 15, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alifika mwaka 1884. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa mahali pa kihistoria. Wareno walikaa Malindi, umbali wa kilomita 15 hivi, wasiutaje mji huu kwa jina la Gede.

Uchunguzi wake ulianza hasa mwaka 1948, mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kufukua. Jumba la mfalme lilimshughulisha sana, hata akaliandikia kitabu kizima mwaka 1963. Ukipita lango lenye tao lililochongoka, unashuka kwenye ua wenye kuta za matumbawe na chokaa. Kirkman aliutambua ua mmoja kuwa wa kupokelea wageni, na mwingine kuwa wa mfalme kusikiliza mashauri na kukata kesi. Kutani mna matundu ya vigingi vya kutundikia mazulia. Ndani kuna chumba cha hazina kisicho na mlango, cha kuingilia kwa tundu la juu ukutani. Hapa ndipo mji ulipoendeshwa.

Tatizo ni jina. Katika kitabu chake cha 1954, Kirkman aliuita Gede mji wa Kiarabu. Alitazama misikiti, kaburi lenye mwaka unaolingana na 1399, bakuli za Kichina na taa ya chuma kutoka India, akaona wageni. Wanaakiolojia waliofuata, George Abungu miongoni mwao, waliipinga hoja hiyo kwa nguvu. Vigae vingi vilivyofukuliwa ni vya vyungu vya kienyeji, na miji ya mwambao ilikua kutoka vijiji vya udongo na makuti hadi nyumba za mawe. Bakuli la Kichina kabatini halimfanyi mwenye nyumba kuwa Mchina. Biashara ya Bahari ya Hindi ilileta vyombo. Mji ulijengwa na Waswahili, Waafrika wa pwani hii.

Tangu 1969 magofu yako mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, na miaka yote hiyo yametunzwa vyema kuliko simulizi yake. Bado utasikia watu wazima wakisema "mji wa Waarabu" mbele ya watoto. Walimu wa Dabaso na Gede, mnapowapeleka wanafunzi kwenye ua ule wa mashauri, waambieni kwamba waliohukumu na waliohukumiwa pale walikuwa watu wa mwambao huu.