Ngano, Hadithi na Kisa: Majina ya Masimulizi katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kuyagawa masimulizi katika mafungu: ngano, hekaya, visasili, visakale na kadhalika. Aghalabu kipimo cha mgawanyo huo ni ukweli. Ngano huhesabiwa kuwa ni jambo la kubuni, ilhali kisasili na kisakale husadikiwa na wenyewe kuwa ni mambo yaliyotokea. William Bascom, mwanazuoni wa Marekani, alikitumia kipimo hicho katika makala yake ya mwaka 1965. Kwetu Afrika Mashariki, M. M. Mulokozi alifuata mkondo ulio karibu na huo mwaka 1989, katika jarida la Mulika, alipozitenga hadithi na salua. Makala haya hayakusudii kuuvunja mgawanyo huo, kwani una manufaa yake. Yanauliza swali moja tu: hao wenyewe wanaosadiki ni akina nani, pindi masimulizi yanapovuka ukuta na kuingia nyumba ya jirani?

Swali hili lina mahali pake mahsusi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali pa Waafrika. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake wengi walihamia Shauri Moyo na Pumwani. Kaloleni na Ziwani zilijengwa katika miaka ya 1940, kisha ikafuata mingine kama Bahati, Mbotela na Jericho. Walioingia humo walitoka Nyanza, Ukambani, Uluhya, Ukikuyu na pwani. Ndani ya chumba kila mmoja alisema lugha ya kwao. Uani, bombani na dukani wote walikutana katika Kiswahili. Masimulizi nayo yalipita njia hiyo hiyo.

Tuyatazame majina yenyewe. Neno ngano, ambalo baadhi ya wasomaji hulidhania kuwa la vitabuni tu, lina ndugu katika lugha nyingi za mitaa hiyo. Mkikuyu husema rũgano, na kwa wingi ng'ano. Mkamba husema wano, na kwa wingi mbano. Miongoni mwa Waluhya husikika lugano na tsingano. Haya yote ni mashina ya Kibantu ya asili moja. Mluo, ambaye lugha yake si ya Kibantu, ana sigana. Kwa upande mwingine, hadithi, kisa, hekaya na hurafa yametoka katika Kiarabu. Ajabu ni kwamba lugha hizi zilipokutana mitaani, jina lililotawala halikuwa lile ambalo wengi walikuwa nalo tayari, bali hadithi. Hilo ndilo lililokuwa jina la kawaida katika Kiswahili cha kila siku, na Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja.

Neno hadithi lina funzo kubwa. Katika dini ya Kiislamu, hadithi ni habari ya maneno na matendo ya Mtume, nayo haikubaliwi mpaka wapokezi wake wachunguzwe mmoja baada ya mmoja. Katika Majengo ya Pumwani, ambako Waislamu wameishi tangu mtaa ulipoanza, mtoto husikia hadithi za namna hiyo chuoni. Usiku mtoto huyo huyo hutegea hadithi ya sungura na fisi, na kabla haijaanza wasikilizaji huitikia kwa kuualika uwongo uje na utamu ukolee. Neno ni moja, lakini mtoto hachanganyikiwi. Hachanganyikiwi kwa sababu hategemei jina kumwambia kipi ni kweli. Anamtambua msimulizi, anajua wakati, na anajua amekaa mbele ya nani.

Hata vijana wa leo hufuata kanuni hiyo. Katika Sheng, stori ni jina la jumla. Masengenyo huitwa mushene, kutokana na neno la Kikuyu mũcene, na maneno ya kupindukia huitwa stori za jaba, yaani yale yanayosemwa na watafunaji wa miraa. Jina hili la mwisho limetokana na baraza, na ni baraza hilo linalomwonya msikilizaji asishike kila neno.

Basi na tuchukue mfano wa Luanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa katika kivuli. Mke aliyetoka kwa maadui aliigundua siri hiyo, na shujaa akaangamia. Katika chumba cha Mluo wa Kaloleni, hiyo ni habari ya mtu aliyeishi. Mtoto wake anapoisimulia uani kwa Kiswahili, mbele ya watoto wa Kikamba na Kikuyu, inakuwa hadithi miongoni mwa hadithi. Hakuna tukio lililobadilika. Kilichobadilika ni hadhira. Fumo Liyongo wa Waswahili alipatwa na mambo kama hayo. Edward Steere alimtia katika kitabu kimoja na punda wa dobi, mwaka 1870, ingawa watu wa pwani ya kaskazini walimhesabu Liyongo kuwa ni mtu wao wa kale.

Jambo hili si la wanazuoni peke yao. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alieleza habari za Gĩkũyũ na Mũmbi katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotetea haki ya Wakikuyu juu ya ardhi yao. Kwa aliyeyasadiki, masimulizi hayo yalikuwa ni hati ya shamba. Kuyaita ngano mbele yake ni kumnyang'anya hati hiyo kwa neno moja. Vilevile, kumlazimisha jirani yake ayapokee kama tarihi ni kumfanya mgeni katika mtaa alimozaliwa.

Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai mwaka 1968 kwamba fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati ya masomo katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, fasihi simulizi imepata nafasi madarasani. Hata hivyo, orodha ya tanzu huweza kukaririwa bila ya kumtaja msimulizi hata mara moja. Yafaa basi mwalimu wa Jericho au wa Dandora, kabla ya kuuliza kama simulizi ni ngano au kisakale, aulize limesimuliwa na nani, kwa nani, na kwa lugha gani. Darasani mwake mmekaa watoto wa nyumba nyingi, na jibu la mmoja huenda lisiwe jibu la jirani yake wa dawati moja.