Florini ya Afrika Mashariki, 1920–1921: Nani Alibeba Hasara?

Florini ilikuwa sarafu ya fedha iliyotumika Kenya na Uganda kwa muda usiofikia miaka miwili. Kwa kawaida historia yake huelezwa kama suala la viwango vya ubadilishanaji. Insha hii inajenga hoja kwamba suala la msingi lilikuwa ni nani abebe hasara ya mabadiliko ya sarafu.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, rupia ya India ilikuwa na thamani ya shilingi 1 na peni 4 za Uingereza, yaani rupia 15 kwa pauni. Baada ya vita, bei ya madini ya fedha ilipanda duniani, nayo rupia ikapanda hadi kupita shilingi 2. Mwaka 1920 serikali iliitenga sarafu ya makoloni hayo na ile ya India, ikaweka thamani yake katika shilingi 2. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London Desemba 1919, ikatoa florini kuchukua nafasi ya rupia, moja kwa moja. Uzito wake ulilingana na wa rupia, gramu 11.66, lakini fedha halisi ilikuwa nusu tu.

Walowezi waliichukia. Walikopa kwa rupia na kuuza mazao yao kwa pauni. Hivyo deni la rupia 1,500, lililokuwa pauni 100 kabla ya vita, sasa lilikuwa pauni 150. Mabenki, yaliyokuwa upande wa wadai, hayakukubali kurudi kwenye kiwango cha zamani.

Bei za mazao zilipoanguka, waajiri walikubaliana mwaka 1921 kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Hesabu yake ni ya kuzingatiwa: peni 24 zikiondolewa theluthi hubaki 16, yaani thamani ileile ya rupia ya kale. Nafuu ambayo mlowezi aliikosa benki aliipata kwa kibarua wake. Punguzo hilo, pamoja na kodi ya kibanda na kipande, lilichochea harakati za Harry Thuku, ambaye kukamatwa kwake Machi 1922 kulifuatiwa na mauaji ya waandamanaji jijini Nairobi.

Tarehe 1 Januari 1922 shilingi ilichukua nafasi ya florini, mbili kwa moja. Sarafu ikasahaulika, hasara ilikwisha kulipwa na wasioshauriwa.