BnB za Homa Bay zilianza na hati ya shamba

Uzi kidogo. Kila siasa ikipamba moto tunasikia pande mbili. Wa kwanza anasema nyumba za wageni za siku mbili tatu, hizi tunazoita BnB, zinaleta pesa mashinani. Wa pili anasema zinapandisha kodi na kumsukuma mpangaji nje ya mji. Wote wana ukweli, ila wote huanza hesabu siku BnB zilipofika. Mimi naanza 1954.

Mwaka huo wakoloni walitoa Mpango wa Swynnerton: ardhi ya Mwafrika ipimwe na iandikwe kwa jina la mwenyewe. Huku Nyanza Kusini, yaani Homa Bay na Migori ya leo, kazi ilichelewa, ikashika kasi baada ya sheria ya 1968 ya kuamua kipande kipi ni cha nani.

Kabla ya hapo shamba moja lilibeba haki za watu wengi. Huyu analima, yule anachunga baada ya mavuno, mjane ana sehemu yake. Hata jadak, mgeni aliyekaribishwa na ukoo, alipewa pa kulima. (Mgeni wa zamani alipewa ardhi, wa leo analipa kwa usiku. Haya.) Kwenye rejista mara nyingi liliingia jina moja, la mwanamume. Haki za wengine hazikufutwa kwa kelele. Hazikuandikwa tu.

Hati ikawa kitu cha kupeleka benki. Mwanaanthropolojia Parker Shipton, aliyefanya utafiti wake huku kwa Waluo, ameandika kitabu kizima juu ya kuweka ardhi ya mababu rehani, Mortgaging the Ancestors (2009). Mwenye hati alikopa akajenga, au akakopa akapoteza. Asiye na hati hata mlango wa benki hakuufikia.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Ploti nyingi zilikuwa chini ya mabaraza, na ukitaka kujua ardhi ya umma Kenya iligawanywa vipi, soma Ripoti ya Ndung'u ya 2004. Ukimaliza, kunywa maji.

Halafu 2013 kaunti zikaanza. Ofisi mpya, wafanyakazi wapya, wote wanatafuta nyumba Homa Bay na Migori mjini. Waliokuwa na ploti tayari ndio waliovuna. Juni 1, 2025 sherehe za Madaraka zikaletwa Homa Bay, na Agosti hiyo hiyo ya 2025 ukaja mkutano wa ugatuzi. Wageni kwa maelfu, vitanda vichache. Ploti ile ile ikavuna tena.

Tuseme chumba kinapangishwa 6,000 kwa mwezi. Mgeni akilipa 2,000 kwa usiku, siku tatu zinatosha. Mwenye nyumba si lazima awe mtu mbaya, anajua tu kuhesabu. Lakini nesi, mwalimu au mwanafunzi aliyekuwa ndani ya chumba hicho sasa anatafuta mbali zaidi, na nauli ya boda iko juu yake.

Nisiwe mnafiki: anayefua mashuka analipwa, mama wa samaki anauza, mwenye boti ya Mfangano na Takawiri anapata abiria. Ni kweli. Ila hao wanapata kwa siku waliyofanya kazi, mwenye hati anapata hata akiwa amelala Nairobi.

Ndiyo maana sipendi tukinakili Barcelona, ambako jiji lilitangaza 2024 kwamba leseni za nyumba zaidi ya 10,000 za watalii hazitaendelea baada ya Novemba 2028. Kule wana nyumba nyingi zilizogeuzwa. Huku hata anayeenda kuona kuta za mawe za Thimlich Ohinga, Migori, zilizoingia orodha ya UNESCO 2018, anahitaji pa kulala.

Kwa hivyo mgombea akikuahidi utalii, muulize ufuo wa wavuvi na ardhi ya umma iliyobaki imeandikwa kwa jina la nani. Akikuahidi kupiga BnB marufuku, muulize nyumba za kupanga za bei nafuu zitajengwa wapi, maana Kifungu cha 43 cha Katiba kinazitaja nyumba kama haki.

Na mkiniuliza kuhusu wake na wajane: tangu sheria za ardhi za 2012, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi. Mashamba yaliyouzwa kabla ya hapo hayarudi.